Magoti ya Kwenda Junda

Kaka yangu Stambuli ana magoti ya ajabu: yanamuuma kwa njia moja tu, nayo ni njia ya Junda. Kila Jumamosi asubuhi yeye, mimi na rafiki yake Ngowa hutoka Mkomani tukashika ufuo, tukapita chini ya mahoteli ya Nyali mpaka Bamburi, tukarudi kwa miguu hiyo hiyo. Yeye huwa mbele, kanzu ameipandisha, kofia ya vito kichwani, raba nyeupe miguuni. Ati mtu mwenye kwao haonekani njiani na suruali ya kukimbilia. Lakini mtajie Junda, utamwona anakaa kitako na kujikanda magoti.

Junda ndiko kwao Kanze, msichana ambaye Aqil, mwanawe Stambuli, anataka kumuoa. Mwaka mzima Aqil alimsihi babake aende akampose. Mimi nilijitolea kwenda, nikaambiwa posa ya shangazi ni umbea. Lazima aende baba, na baba ana magoti.

Ukweli wenyewe ulimtoka siku moja kwenye kahawa. "Na jina lenyewe, Kanze! Watu watasema nini?" Babake Kanze, Mzee Fondo, ni Mgiriama, Mwislamu tangu enzi za babu yake, ana minazi yake na mihogo yake na hana deni la mtu. Maneno hayo Stambuli aliyasema Ngowa ameketi ubavuni pake, Ngowa ambaye ni Mgiriama baba na mama. Nilimtazama kwa jicho la kumkanya.

"Ngowa ni mwingine," akasema.

Ngowa akacheka, akanywa kahawa yake. Mimi sikuweza kucheka. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Basi ukoo mwingine, wa Likoni, ukapeleka posa yake kwa Fondo. Fondo, kwa uungwana wake, akasema atangoja mpaka Shaaban iishe. Wazee wa Aqil wasipofika kabla ya mfungo, Kanze ataolewa Likoni. Aqil akakonda. Ni fundi wa umeme, hupanda nguzo ndefu bila hofu, lakini mbele ya babake hata kikohozi hukimeza.

Jumamosi moja ya Shaaban hiyo tukateremka ufuoni tukakuta bamvua. Maji yamejaa mpaka kwenye kuta za mahoteli, hakuna pa kukanyaga. Stambuli akaikemea bahari kama aliyepangishiwa nyumba mbovu. Nikamwambia, "Kaka, tupite juu leo. Tuone mashamba."

Tukakata Mishomoroni, tukaingia vichochoro, tukatokea kwenye minazi. Mimi nilijua tunakokwenda, na Ngowa pia alijua. Stambuli hakujua, wala hakuuliza, kwa sababu mtu anayesema mji huu ni wake hawezi kuuliza njia. Jua likatuchoma. Kofia ikalowa jasho. Hapo akatokea mzee mmoja kwenye ua wake, akatuona, akafungua mikono.

"Karibuni, wazee wangu! Karibuni sana!"

Alikuwa Fondo. Mimi ananijua. Alinitazama, akatazama kanzu na kofia, kisha akaiona ile pua ambayo Aqil ameirithi kwa babake, akaelewa alivyoelewa. Hakuuliza kitu. Kwetu mgeni haulizwi haja yake kabla hajala.

Tukaletewa madafu, tukanywa. Zikaja mahamri na mbaazi. Stambuli akanyoosha miguu mkekani, akaanza kuhutubia juu ya faida za kutembea. Nyuma ya nyumba kuku akalia mara moja, akanyamaza.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Wanatuchinjia! Watu wa huku wana adabu, wallahi."

"Wanayo," nikamjibu.

Alikula wali wa nazi na kuku yule kwa bidii ambayo magoti yake hayajapata kuijua. Alifyonza mifupa. Nje, majirani walikuwa wamejaa uani, wanawake na leso zao, wote wanachungulia. Alidhani wamekuja kuziona raba zake.

Tuliponawa, Fondo akakaa vizuri, akatia kofia yake kichwani. "Alhamdulillahi. Mimi ndiye Fondo, na Kanze mwanangu yumo ndani. Tumewangoja sana. Sasa semeni, tuwasikie."

Kaka yangu akaikunja miguu yake mkekani. Akamtazama Ngowa, ambaye ndiye hodari wa kusema kwenye kila harusi. Ngowa akachokoa meno. Kaka akanitazama mimi. Mimi ni shangazi, na posa ya shangazi ni umbea.

"Sisi... tulikuwa twatembea tu," akasema.

Fondo akaiangalia ile mifupa kwenye sahani. Stambuli akaona uani watu wanatazamana, akajua kwamba kabla ya Alasiri mji mzima utakuwa na habari za mzee wa Mkomani aliyekula kuku wa posa akajifuta mdomo. Aibu hiyo ndiyo iliyomfungua ulimi, si mapenzi ya mwanawe.

"Na... tumekuja kumposea Aqil."

Fondo akageukia pazia. "Mwanangu, umesikia. Wasemaje?"

"Baba, Aqil namtaka," Kanze akajibu kutoka ndani. "Lakini posa iliyoletwa na kiu siipokei. Mzee wake aje siku atakayotoka kwao anajua anakuja hapa."

"Mmesikia," Fondo akasema. "Shaaban imebaki wiki mbili. Mkipata nafasi, karibuni."

Wiki ile Stambuli alinuna na kila kilicho hai. Jumamosi ilipofika, maji yalikuwa yametoka, mchanga mweupe umejilaza kutoka Nyali hadi mwisho wa macho. Akasimama pale njia ya ufuo inapoachana na barabara. Mimi na Ngowa tukasimama nyuma yake. Kisha magoti yakageuka yakashika barabara.

Mtu kwenye baraza akamwita. "Mzee Stambuli, shikamoo! Waenda wapi?"

"Marahaba. Nanyoosha miguu tu."

Mbele kidogo, fundi cherehani naye akamuuliza. "Natembea," akajibu, akaongeza mwendo.

Mishomoroni, mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi vya karai mbele ya umati akapaza sauti. "Haya mzee, na kanzu yote hiyo, waenda wapi?"

Stambuli akasimama. Akajipangusa uso kwa kiganja, akatazama chini, kisha akasema kwa sauti iliyotufikia hata sisi tuliokuwa nyuma. "Nakwenda Junda, kwa Mzee Fondo. Namposa Kanze kwa ajili ya mwanangu Aqil."

Yule mama akapiga kigelegele, na watu wakapokea. Nami machozi yakanilenga, nikatia mbio kwenda kumshika kaka yangu mkono. Ngowa akanizuia kwa ncha ya buibui langu. Hakuwa akicheka.

"Mwache atangulie, Tumu," akasema. "Aulizwe tena."