Mkia wa Fumbwe

Bayingana alikuwa mtu wa kujua. Alipostaafu kazi ya serikali alijenga tundu kubwa la wavu nyuma ya nyumba yake Gahanga, akapanda nyasi ndani na kufuga ndege wa mbugani. Majirani walipopita baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, aliwasomesha hapo kama darasani, nao wakamwamini. Ndiyo maana Cécile, jirani yake, alimwachia ndege wake wawili wa samawati alipokwenda Huye kumuuguza mama yake.

Kabla ya kuondoka alimnyooshea kidole ndege mmoja wa mzee mle tunduni, wa kahawia, mwenye mdomo mwekundu.

"Na hii, mzee, ni ndege gani?"

"Hiyo ni shomoro, jike. Nimeiangalia kwenye simu. Iko pole kabisa."

Mvua zilipoanza, huyo jike akaota manyoya meusi na meupe, kisha mkia mrefu kumpita mwenyewe. Kumbe alikuwa fumbwe dume. Fumbwe kiangazi huvaa kahawia kama jike, lakini akishapata mkia hataki kuona ndege mwingine kwenye chakula. Bayingana alimwona akiwafukuza wale wa samawati kwenye kisahani cha mtama. Alimwona, wala tusimtetee. Lakini mkia ulimpendeza, akapiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la majirani, bila kugusia habari ya shomoro.

Cécile akajibu kutoka hospitalini, hapo hapo kundini, wote wakisoma: "Mzee, kwenye picha angalia nyuma kule chini. Yangu imevimba manyoya, iko mgonjwa. Hii ndege inaikatalia kula. Tafadhali uitoe leo."

Kumtoa ilikuwa kazi ndogo tu, na kizimba kitupu kilikuwapo barazani. Lakini kumtoa mbele ya kundi zima kulikuwa ni kusema: jamani, nilikosea. Mzee mzima akaona haya. Akaandika, "Iko sawa, usijali," na majirani wakamwekea vidole gumba.

Asubuhi alimkuta jike wa samawati amelala kwenye nyasi, mwepesi, hana hata punje kooni. Hapo ndipo alipomtoa fumbwe, wakati haisaidii tena. Siku zilizofuata alikuwa akipita mbali na tundu lake mwenyewe, na kundini hakuandika neno. Aibu ya kwanza ingekuwa ya kuchekwa kidogo tu. Hii ya sasa ilikaa naye mezani na kitandani.

Cécile alirudi, akaja moja kwa moja na mkoba begani. Bayingana alikuwa ameandaa uongo kuhusu baridi na mtandao. Cécile akasimama kwenye wavu, akamtazama dume aliyebaki peke yake.

"Ujumbe wangu uliusoma?"

Ule uongo akauacha.

"Niliusoma. Unisamehe, Cécile. Niliona aibu kwa watu."

Cécile alimtia dume wake kwenye boksi polepole, akafunga kifuniko.

"Ile siku mama alikuwa ameanza kunisahau jina," akasema. "Wewe ukaandika iko sawa. Nikamushukuru Mungu, nikasema hata kama ni kitu moja tu, iko sawa."