Mdogo Mtu Anaomba Kutajwa

Mpambaji alikuwa akimpaka msomaji wa habari poda puani wakati mdogo wake msomaji alipoingia, kajaa vumbi la saruji toka utosini. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na asubuhi ile bomu liliangusha nyumba yake akiwa ndani. Mlinzi alimpa kitambulisho cha mgeni, maana cha marehemu hawakuwa nacho. Mpambaji alimpangusa nywele mara mbili, vumbi likarudi, akaacha.

"Dada, nitaje," alisema mdogo mtu. "Nimepita nyumbani, Mama kanikatalia. Ati ningekufa ungenisoma kwenye habari. Kanituma nikaoge. Na asiponililia yeye, nitapumzika vipi?"

Msomaji alimwita mhariri. Kituo kilikuwa na utaratibu wake. Waliokufa upande wa huku walisomwa majina, kisha msomaji akainamisha macho na kushusha pumzi moja. Wa upande wa pili walisomwa kwa jumla, bila pumzi, ikafuata hali ya hewa.

Mhariri alimpa marehemu pole, akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma.

"Huyu ni wetu," alisema msomaji. "Tumetoka tumbo moja."

"Kazaliwa huku, kafia kule. Sisi tunaangalia alikofia."

"Basi tunapendelea."

"Mjadala wa upendeleo si tulishaufanya hewani juzi, saa nzima? Tukaonekana hatupendelei."

"Wageni wote walikuwa wa huku!"

"Wa kule wangepita wapi? Barabara zimefungwa."

Marehemu alikohoa vumbi kidogo, akaomba radhi.

Taa nyekundu ikawaka. Msomaji alisoma majina ya askari watatu, akashusha pumzi. "Upande wa pili," aliendelea, "watu kadhaa wameripotiwa kufariki." Jina la mdogo wake likamfika kooni, jina alilomchagulia mwenyewe siku alipozaliwa. Mhariri alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Msomaji akalimeza.

"Kesho kutakuwa na mawingu."

Mdogo wake alivua kitambulisho, akakiweka mezani.

"Umesoma vizuri, dada," alisema, akatoka. Mfagizi akafagia alipokuwa amekaa.

Simu iliita msomaji hajavua hata maikrofoni. Alikuwa mama yao, na alikuwa anacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika tangu vita vianze.

"Nimesikiliza mpaka mwisho, mwanangu. Mdogo wako hakutajwa, si nilimwambia? Hebu mwambie aache ujinga, arudi ale. Nimemfunikia chakula."