Uso wa Dorotea

Baba aliweka patasi kwenye pua ya mama, ile pua ya jiwe, akainua nyundo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimng'ang'ania mkono kwa nguvu zangu zote.

"Niachie, Evelina," alisema. "Usinifanye niumie mara mbili."

Karakana yake haikuwa na mlango. Ilikuwa uwazi tu kati ya mawe makubwa ya ufukweni Nyegezi, na mabati machache juu. Akishaingia humo hasemeshwi. Hata ugali ulimsubiri nje mpaka ukapoa. Kwenye jiwe kubwa kuliko yote alikuwa amechonga uso wa mama yangu, Dorotea, aliyefariki nikiwa bado nanyonya. Picha yake hatukuwa nayo. Mama nilimjua pale jiweni, na kila nilipotoka shule nilimwamkia bila kuona haya.

Kisha ushirika wa wavuvi, uliomiliki ufukwe ule, ukauza kiwanja. Ilikuwa ile miaka ya kila kitu kuuzwa, na minofu ya sangara ilikuwa na soko Ulaya. Tajiri mmoja akataka eneo lote lisawazishwe ajenge kiwanda. Msimamizi wake, Masalu, alikuja na adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Vinyago vyako vyote tutakubebea kwa lori. Ila hili jiwe halibebeki. Kesho wapasuaji watakuja."

Mwanza nzima inajua jabali linavyopasuliwa: wanalirundikia kuni na matairi, wanachoma kutwa nzima, kisha wanamwaga maji mpaka lipasuke lenyewe. Baba alimshukuru Masalu, akamsindikiza, akarudi kuchukua nyundo. Ndipo nilipomshika mkono.

"Dorotea hachomwi moto," aliniambia. "Wachome jiwe."

Nikamwachia. Alifuta pua, akafuta midomo, akamalizia na macho, taratibu kama alivyovichonga, huku akilia bila kujificha. Nilimchukia siku ile, na chuki yenyewe haikuisha upesi.

Tulihamia Buhongwa. Huko akajenga karakana ya kweli, yenye kuta, mlango na kufuli. Gogo la mninga lilikaa katikati mwaka mzima bila kuguswa. Siku moja akaniita ndani, mimi ambaye sikuwahi kuitwa.

"Mdomo wake upi ulikuwa mnene, mwanangu? Wa juu au wa chini?"

Nilifumba macho, nikamtafuta mama kila mahali.

"Sikumbuki, baba."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua ufagio, akaanza kufagia sakafu iliyokuwa safi.