Kipimo cha Privatus

Zita alikuwa ameolewa na Privatus miaka saba, na kwa miaka yote hiyo hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika Ngara, kazi za mshahara zilipatikana ghafla hata kwa watu wa jembe. Privatus aliajiriwa kuhesabu magunia ya mahindi kwenye kituo cha malori Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Zita akapata kazi ya kuwapikia wafanyakazi wa shirika moja la misaada pale Nyamiaga, akawa anatembea kutoka Kanazi kila alfajiri.

Mwanzoni Privatus alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Baadaye akawa anaruka mwezi. Mwishowe akawa anatuma tu sukari na sabuni kupitia madereva, bila barua. Mama mkwe wa Zita, Agripina, aliyekuwa akimuuliza kila Jumapili baada ya misa kama kuna habari, aliacha kuuliza. Alimsalimia tu na kupita, kama mtu anayemjua kwa sura tu.

Kati ya waliokula pale jikoni alikuwepo muuguzi mmoja mtu mzima, Clotilda, aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Mwanza. Siku moja alibaki mezani peke yake, Zita akajikaza.

"Shikamoo, sista. Operesheni ya kufungua kizazi ni shilingi ngapi?"

"Marahaba. Nani kakwambia unahitaji operesheni?"

"Watu wanasema. Kuna mama wa huku aliuza ng'ombe wawili akafanyiwa."

"Alipata mtoto?"

"Sijui."

Clotilda alisogeza sahani pembeni. "Usiulize bei ya operesheni, mwanangu. Uliza kwanza bei ya kujua tatizo ni nini. Cha kwanza ni kipimo cha mumeo. Mbegu zake zinaangaliwa kwenye darubini, majibu siku hiyo hiyo. Haizidi elfu mbili. Zikiwa nzuri, ndipo wewe upigwe picha ya mirija ya uzazi, kama elfu tisa. Na picha hiyo haipigwi siku yoyote, ni siku chache baada ya hedhi kukatika. Ukikosea siku unasubiri, na kusubiri ni kulipia kitanda na chakula. Wengi wanapanga hela ya daktari, wanasahau hela ya kitanda."

"Mume wangu hatakubali kupimwa."

"Umemuuliza?"

Zita aliandika barua, akampa dereva. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja nyuma ya karatasi ya mizigo: *Mimi ni mzima, jitibu wewe.*

Basi akajipanga peke yake. Nauli ya kwenda na kurudi, picha, dawa za kutuliza maumivu, kitanda siku nne. Aliacha kununua mafuta ya kujipaka, akavaa kanga zile zile mbili. Ilimchukua miezi sita. Juni 1995 alipanda basi la Mwanza, akimwambia Agripina kwamba anakwenda kumwona shangazi.

Hedhi haikuja siku aliyoitarajia. Labda ilikuwa safari, labda hofu. Alikaa kwenye chumba cha kukodi karibu na hospitali siku ya nne, ya sita, ya tisa. Akaacha chakula cha mchana. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu, na wanawake waliolala kwenye vile viwili vingine walikuja na dada zao au mama zao, wakasukana nywele na kucheka. Kila aliyeingia alimuuliza jambo lile lile: "Umekuja na nani?"

"Anakuja," Zita alijibu. Baada ya siku chache waliacha kumuuliza.

Hatimaye alipigwa picha. Iliuma kuliko alivyoelezwa. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mirija yako iko wazi yote miwili. Sioni kasoro hapa. Mumeo yuko wapi?"

"Kazini."

"Mwambie aje. Mngeanza na yeye."

Alitoka akiwa na furaha iliyomjaa kifuani, na hakuwa na wa kumwambia. Getini alinunua andazi moja. "Mama, nimeambiwa niko salama," alimwambia muuzaji.

"Hongera! Una watoto wangapi?"

Zita alichukua chenji yake akaondoka.

Basi la kurudi lilipofika Nyakahura, alishuka. Walinzi wa kituo walimwonyesha chumba cha Privatus huku wakikwepa macho yake. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye kanga kifuani. Aliitwa Frida. Privatus alikuwa amesafiri na malori, hangerudi hadi kesho yake.

Zita hakuwa na nguvu za kugomba. Alijitambulisha, akaomba maji. Frida alimletea, akaketi mbali kidogo, akiangalia mikono yake.

"Dada," Frida alisema, "naomba usinikasirikie. Miaka yote hiyo, hukuwahi hata kushika mimba ikatoka?"

"Hata mara moja."

"Mimi ni mwaka sasa. Waganga wamekula elfu arobaini. Anasema nina tumbo baridi."

Zita alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani, machozi yalimtoka. Kisha akamweleza yote aliyoyajua: picha, siku zake, kitanda, na kile kipimo cha elfu mbili. "Usitumie hata senti kabla yeye hajapima," alisema. Akaomba lifti ya lori, akarudi Kanazi.

Privatus alikuja mwezi wa Novemba, akitembea polepole kama mgonjwa. Zita alikuwa akichambua maharage uani. Alimpa kigoda.

"Nimepima," Privatus alisema. "Ni mimi. Hakuna mbegu. Daktari anasema ni yale matumbwitumbwi niliyougua nikiwa kijana. Dawa hakuna."

Zita aliendelea kuchambua. Alikuwa amewaza kwamba siku ya kusikia maneno hayo angepiga vigelegele.

"Ulikwenda lini?"

"Mwezi uliopita. Frida alisema nisipokwenda ananiacha."

"Ulikwenda peke yako?"

"Alinisindikiza. Sasa ameshaondoka, amerudi kwao." Alijifuta uso. "Naomba nirudi, Zita. Tutachukua mtoto wa ndugu. Mama nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi."

"Mwambie leo," Zita alisema.

Alimpikia; Privatus akala, akaenda kwa Agripina. Zita alibaki uani na ungo mapajani. Miaka yote alikuwa akimwomba mtu huyu vitu vidogo, na kile kipimo cha elfu mbili amekikubali kwa ajili ya mwingine. Alisikia sauti ya mama mkwe ikipanda kule ng'ambo ya migomba, halafu mtu akilia. Hakujua ni nani kati yao. Hakwenda kuangalia.

Privatus aliporudi, Zita alimtandikia mkeka sebuleni.