Jua Halijazama, Mama

Usiku wa jana niliota, ingawa usiku wenyewe sikuuona. Niko Norwe, kaskazini kabisa, kwa binti yangu Mwantumu, na jua la huku mwezi wa sita halizami. Linashuka mpaka karibu na bahari, linaangalia maji, linarudi juu. Nimelitazama hivyo siku tisa. Mimi ni seremala wa Muheza na shule niliachia darasa la tano, lakini kuhesabu mpaka tisa najua.

Kabla ya ndoto lazima niseme habari za mama, la sivyo hakuna atakayenielewa. Mama yangu haoni. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila jioni nikitoka karakana napita kwake, nafunga dirisha la chumba chake, dirisha la mvule, mbao ngumu ya kahawia, nililolitengeneza kwa mikono yangu. Akisikia nimelishika anauliza, "Singano, jua limezama?" Namjibu, "Limezama, mama." Ndipo anajilaza. Asipoambiwa halali. Siku ya safari nilimwahidi kwamba nitampigia simu kila siku jua likizama, nimwambie, na Mama Kheri, shemeji yangu anayempikia, atalifunga dirisha kwa niaba yangu.

Sasa halikuzama. Siku ya kwanza nilikaa na simu mkononi mpaka usingizi ukanichukua kwenye kiti. Siku ya pili vilevile. Mwantumu akaniambia, "Baba, si umpigie tu bibi? Huko nyumbani limeshazama saa nyingi."

Nikamwambia, "Mimi siko huko. Siwezi kumwambia mama yangu kitu ambacho sijakiona."

"Baba nawe!" akasema, akaenda kazini.

Siku ya nne Mama Kheri alinitumia ujumbe. Mama anakaa macho mpaka majogoo, dirisha wazi, na ameanza kukohoa. Akitaka kulifunga yeye, mama anamwambia mwenye dirisha hajasema. Nikamjibu: mwambie halijazama. Kisha nikaweka simu mezani, nikanywa chai. Niliona nimejibu kama mwanamume.

Nililala na hayo kila siku mpaka jana, siku ya tisa.

Ndotoni nimelala kitanda hikihiki, na pazia linanigusa bega. Ni lile pazia jeusi, zito kama turubai, ambalo Mwantumu alilitundika ili nipate giza la kulalia.

"Mzee," linasema, "nimejaa."

"Umejaa nini?"

"Mwanga. Naushika tangu mwezi wa tano. Sina pa kuuweka tena."

Linajikung'uta mara moja. Mwanga wote unamwagika sakafuni kama mahindi ya gunia lililotoboka. Halafu pazia linapanda kitandani, linanisukuma ukutani, linavuta blanketi na kuanza kukoroma.

Mwantumu alinibandikia masharti matatu kwenye mlango wa friji siku niliyofika. La kwanza: usifuate jua, fuata saa. La pili: vaa nguo tabaka kwa tabaka. La tatu: hali ya hewa usiyoipenda, isubiri robo saa, itakuja nyingine. Nilikuwa nikiyasoma kila nikienda kuchukua maziwa na sikuyatilia maanani.

Saa ya ukutani inashuka kwenye msumari wake. Inavaa mabuti ya mpira ya Mwantumu, inafungua mlango.

"Nifuate," inasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Sharti linasema ufuate. Halisemi uulize. Na vaa kwanza."

Navaa fulana, shati, sweta, koti, na juu ya vyote koti la mvua. Nikifunga vifungo nagundua kila nguo ina hali yake ya hewa. Ndani ya koti la mvua ni manyunyu. Ndani ya koti theluji inaanguka taratibu. Ndani ya sweta kuna upepo. Ndani ya shati jua la vipindi. Ndani ya fulana, pale inapogusa ngozi, ni Muheza kabisa, jioni, na kuku wanalalamika wakiingia bandani.

"Kuna kuku kifuani mwangu," naiambia saa.

"Ndiyo," inasema. "Twende."

Tunatembea. Saa ina miguu mifupi lakini haipumziki hata kidogo. Nyumba za rangi nyekundu na njano zinapita, kisha ghafla hakuna nyumba, tuko kwenye korido ndefu ya zahanati, na kwenye benchi wamekaa Mvua, Upepo, Theluji na Ukungu, kila mmoja na kadi yake mkononi.

"Nani wa mwisho?" nauliza, kama tunavyouliza kwetu.

"Mimi," anasema Ukungu, "ila sijui nimekaa wapi."

"Mnamngoja daktari?"

"Tunakungoja wewe," anasema Mvua. "Robo saa kila mmoja. Simama vizuri, mzee wangu, usinikimbie."

Nasimama. Mvua ananinyeshea robo saa bila chuki, kama mtu anayemwagilia mchicha. Theluji anakuja, anaondoka, anasahau kadi yake kichwani mwangu. Zamu ya Upepo ikifika, ananitazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye yule asiyesema asichokiona?"

"Ndiye," wanajibu wenzake.

Ananipokonya kofia, anaitupa nje. Kofia inapita juu ya paa, inapungua mpaka inakuwa kama nzi.

"Rudisha kofia yangu," namwambia.

"Kofia ipi?"

"Uliyoichukua sasa hivi!"

"Mimi sina macho, bwana. Sikuiona. Na nisichokiona siwezi kukisema, si ndivyo unavyofundisha?"

Benchi zima linacheka. Hata saa inacheka, inapoteza dakika mbili, na inalazimika kukimbia ili izipate. Mimi sicheki.

Korido inaishia ufukweni. Hapo limekaa Jua.

Limekaa kwenye kiti cha plastiki, kubwa kama kontena, miguu ndani ya maji mpaka kwenye vifundo. Linamenya viazi. Kila kiazi linachokimenya kinaiva papo hapo.

"Shikamoo," naliambia, maana ni kubwa kwangu.

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa Bi Mwanamkasi?"

"Ndimi."

"Haya. Sema."

"Nimekuja kuuliza kwa nini huzami."

"Maji ya baridi," linasema.

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Na zamu yangu ya huku inaisha mwezi wa saba. Mpaka wakati huo sina ruhusa ya kuondoka. Wewe una shida gani na mimi?"

"Nina ahadi kwa mama. Nilisema nitampigia ukizama. Umekaa hapa unamenya viazi, na mama yangu halali. Wewe ndiye uliyeniponza."

Jua linaweka kisu chini. Linageuka. Kutazamwa na jua kwa karibu si kitu cha raha. Sweta linaanza kunuka moshi.

"Mimi?" linasema. "Mama yako nimemuaga mara tisa. Kila jioni nashukia kwenye michungwa ile nyuma ya choo, namwambia kwaheri, ananiitikia. Kila jioni."

"Haoni."

"Ana ngozi, wewe! Joto likitoka ukutani anajua. Kuku wakinyamaza anajua. Nikizama anajua kabla yako, tangu mwaka wa kwanza."

"Kama anajua, kwa nini aniulize?"

Linachukua kiazi kingine, linakimenya mpaka mwisho, ganda moja lisilokatika. Saa imesimama kando yangu kwenye mabuti yake, tik, tik, tik.

"Miaka kumi na moja," linasema hatimaye, "unaulizwa, na swali hilo hukuwahi kujiuliza hata siku moja."

Nafungua mdomo. Mimi ni mtu wa kusema kweli, wote wananijua hivyo, na natafuta kweli moja ya kulijibu. Karakana nzima kichwani mwangu naipekua. Naona misumari tu.

"Kwa mama yako ni saa kumi na moja alfajiri," inasema saa. "Vua."

Navua. Koti la mvua likianguka manyunyu yanakwenda nalo. Koti linaanguka, theluji inajikusanya juu ya mchanga. Sweta, upepo. Shati, vile vijua vya vipindi. Nikiivua fulana kupitia kichwani, ninapotoa uso nje niko Muheza, kifua wazi, uani kwa mama.

Giza. Siku tisa sijaliona. Natamani kuligusa, nipapase ubora wake, kama ninavyopapasa ubao nikiwa dukani.

Dirisha li wazi. Ndani mama amekaa kitandani, kanga mabegani, uso ameuelekeza kwangu. Kando yake zimejipanga siku tisa, zote zimevaa, zote macho mekundu, kama wageni waliokosa pa kulala. Wapo Jumatatu wawili, hawasemezani.

"Tunangoja kufungwa," ananiambia Jumamosi, kwa sauti ya chini, asimsumbue mama. "Siku haiwezi kwenda zake kama haijafungwa. Sema basi, kaka, twende."

"Singano," anasema mama. "Jua limezama?"

Naam, hapa sasa ndipo. Maneno mawili tu, nimeyasema jioni zote za miaka kumi na moja. Yapo tayari ulimini. Lakini naona mwanga ukutani, juu ya kichwa cha mama, na kivuli cha kichwa changu katikati yake.

Nageuka nyuma kuhakikisha.

Nageuka! Mama ananiuliza, na mimi nageuka kuhakikisha. Jua lipo, limenifuata na kiti chake, limekaa katikati ya ua karibu na banda la kuku. Linatikisa kichwa tu, kama mwalimu aliyechoka na mwanafunzi mzito.

Nikirudisha uso dirishani, mama ameshainamisha wake. Siku tisa zinanitazama, Jumatatu wote wawili wanakubaliana kwa mara ya kwanza.

Nafanya ninachokijua. Navuta ubao wa dirisha, naufunga, nasukuma komeo lake la mvule, la upande wa nje. Komeo lile sikulipiga msasa siku niliyolitengeneza. Nilisema nitalipiga kesho. Kibanzi kinanichoma kiganjani.

"Mama!" napiga kelele. Si kwamba namwita. Ndivyo mtu anavyosema akichomwa.

"Naam, mwanangu," anaitika ndani.

Nikaamka.

Pazia lilikuwa limesogea, na jua lilikuwa limejaa kitandani kana kwamba ndilo lililolipia chumba. Saa ilikuwa ukutani, kwenye msumari wake. Ilisema saa kumi alfajiri. Nyumbani ni saa kumi na moja. Sikuvaa hata shati. Nikachukua simu, nikampigia.

Mlio wa kwanza haukuisha.

"Singano," akasema. Sauti ya mtu ambaye hakulala.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Nikangoja aulize. Nikangoja sana. Nilimsikia akipumua, akakohoa, akanyamaza. Hakuuliza. Tangu apoteze macho ilikuwa mara ya kwanza nalingojea swali lile lisije.

Basi nikasema mwenyewe. Nilikuwa nalitazama jua usoni, machozi yananitoka kwa ukali wake, nikasema, "Mama, jua limezama."

"Umechelewa, baba," akasema taratibu. "Hapa jogoo ameshawika. Karibu litachomoza jingine."

"Nisamehe, mama. Leo jioni nitapiga. Likizama huko kwako, nitapiga."

"Haya." Akakohoa tena. "Hata hivyo ahsante kwa dirisha. Ule ubaridi ulikuwa umeanza kuniingia kifuani."

"Dirisha gani, mama?"

"Kwani chumba changu kina madirisha mangapi? Si umelifunga sasa hivi? Nimesikia komeo, nikajua ni mkono wako, Mama Kheri hulipapasa. Nikakuuliza, hukujibu. Halafu ukaniita. Nikaitika, kumbe umeshaondoka."

Kwa mbali, kwenye simu, nikasikia kuku wa uani wanaamka.

"Na kibanzi?" akasema mama. "Umeshakitoa? Nilikwambia zamani ulipige msasa komeo lile."

Nikafungua kiganja cha kulia, nikakipeleka kwenye mwanga. Chini ya kidole gumba kilikuwepo, kirefu kama punje ya mchele, rangi ya kahawia iliyokolea. Nyumba nzima ya Mwantumu imejengwa kwa mbao, kuta, sakafu, ngazi, na zote ni nyeupe.

"Bado, mama," nikamwambia. "Kipo."