Mashine ya Shemeji

Kamati ya jengo ilikuwa na watu watano, wanaume watupu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufua shuka tangu aote ndevu. Hilo lilimkera Redio kuliko yote. Watu ambao soksi zao hurudi kabatini zenyewe, zimekunjwa, zinanukia, ndio waliojipanga kwenye viti vya plastiki katika chumba cha kufulia ili walinganishe mashine mbili za mlango wa mbele: ipi ina ubora, ipi itadumu. Walikunja nyuso kama mahakimu. Mmoja alikuwa ameleta kalamu mbili.

Redio si jina alilozaliwa nalo mwanamke huyu. Alipewa na Mwenyekiti wa kamati hiyo, mwaka ule lifti ilipokufa naye akakataa kunyamaza. "Redio hii haina kitufe cha kuzimia?" Mwenyekiti aliuliza mbele ya watu, watu wakacheka, jina likaganda. Lifti nayo ikaganda, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na imeganda hadi leo. Wakazi wa ghorofa ya juu wameota mapaja ya wanariadha. Redio hakusahau lifti. Hakusahau pampu ya maji iliyoletwa na Shemeji, ikasukuma maji kidogo kisha ikahamia kusukuma hewa. Hakusahau taa za ngazi, za Shemeji vilevile, zinazowaka jua likiwa utosini na kuzima giza likiingia.

Shemeji huyo alikuwa kaka wa mke wa Mwenyekiti, muuzaji wa chochote chenye waya. Jengo zima lilimwita Shemeji, kwa sababu kila palipotakiwa kununuliwa kitu Mwenyekiti alisema tu, "Shemeji ataleta," mpaka wakazi wote wakajikuta wameoa katika ukoo ule bila harusi wala sahani ya wali.

Safari hii Redio alikuwa na sababu kubwa kuliko hasira zake za kila siku. Mama yake alikuwa kitandani, ghorofa ya kwanza, chumba cha nyuma, tangu avunjike nyonga. Shuka zililowa usiku, zikalowa mchana. Mashine ya zamani ya jengo ilianza kunguruma kama kinu cha kusagia kokoto, fundi akasema beringi inayoshikilia pipa lake la ndani imekwisha, na haikuwaka tena. Redio ni fundi cherehani, anaishi kwa vidole vyake, na vidole hivyo sasa vilishinda kwenye beseni. Alizifua shuka, akazikamua mpaka viwiko vikalia, na bado zilikauka nusunusu. Mgongo wa mama ukawa mwekundu, kisha ukachubuka mahali pamoja, upana wa kifungo cha koti. Muuguzi aliyekuja kumtazama hakuzunguka: shuka safi na kavu, kila wakati, ama kifungo hicho kitakuwa sahani.

Basi Redio aliposhuka ngazi kwenda kwenye hilo onyesho lao, mgongo ule ulikuwa mbele ya macho yake.

Mashine zilisimama bega kwa bega, zimeunganishwa na bomba. Ya Shemeji ilikuwa nyeupe, inang'aa kama jino la bandia, na mlango wa kioo kikubwa kama dirisha la duka. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ina kirungu kimoja cha kuzungusha na vitufe viwili, imenuna kama karani wa posta. Ililetwa na duka la mtaa wa nyuma, pamoja na dada muuzaji aliyetafuna chingamu na kutazama kucha zake.

"Hii inaongea," Shemeji alisema, akiipapasa ya kwake. "Inasalimia. Inaunganishwa na simu. Unaweza kuwa sokoni, ukaiambia ifue, ikafua."

"Nguo ataziweka nani?" Redio aliuliza.

"Wewe, kabla hujaondoka."

"Sasa si nibonyeze palepale nikiwa nimesimama? Kwani nina ugomvi nayo, tusemezane kwa simu?"

Mtu akacheka nyuma. Mwenyekiti akakohoa. "Maswali mwishoni, tafadhali."

"Mwishoni ndipo hapa. Beringi ikifa, inabadilishwa?"

"Yangu haifi," Shemeji akasema.

"Pampu nayo ulisema haifi. Nakuuliza pipa: linafunguka, au limegundishwa moja kwa moja, ikiharibika beringi tutupe mashine nzima?"

Shemeji akageukia wanakamati, akawachekea, kana kwamba swali lilikuwa mbu. Dada wa chingamu hakuinua hata kichwa. "Ya kwetu ina bolti. Inafunguka. Haiongei, lakini."

"Mungu aibariki," Redio akasema.

Mwenyekiti alisimama. Akatoa mfukoni leso mbili nyeupe, zimepigwa pasi mpaka zina kona za kukata mtu, akaingiza moja katika kila mashine. Akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi nzito. "Sasa tutaona," akasema, na wanakamati wakasogeza viti mbele, wapate kuona leso safi ikisafishwa.

Redio alihisi damu ikipanda mpaka kwenye masikio. "Jamani! Ninyi mnajaribu kiatu kwa kuvaa kofia? Leso ambayo haijaona hata kamasi! Mashine hii ikishindwa na leso, si itabidi tuizike?"

"Lete nguo chafu wewe," Mwenyekiti akasema taratibu, akitabasamu. "Si unazo?"

Kila mtu alijua alichonacho Redio. Mwenyekiti naye alijua, tena alijua kwamba huyu mwanamke yuko tayari kumvua nguo mwenyekiti yeyote kwa ulimi, lakini hatamshusha mama yake ngazini watu wamtazame. Akaketi, akapandisha mguu juu ya mguu.

Redio alipanda juu. Mama alikuwa amelalia ubavu, macho yako wazi.

"Wanataka nguo chafu, mama. Za kujaribia."

"Wape."

"Ni zako hizo."

"Najua ni zangu, kwani nimeazima? Mimi ndiye niliyezilowesha." Mama akavuta pumzi. Kabla ya nyonga alikuwa dobi, na nguo za nusu ya jengo lile zilipita mikononi mwake. "Watoto wote wa huyo Mwenyekiti nimewafulia nepi. Sikuziba pua hata siku moja. Leo ni zamu yake."

Redio hakuondoka. "Watacheka."

"Na wacheke, mwanangu. Mgongo unaniwasha mimi, hauwawashi wao." Kisha akaongeza, "Ugawe mzigo sawasawa. Usimwonee mtu."

Furushi lilifika chini, na harufu ikafika kabla yake. Mwenyekiti alirudisha kiti nyuma. Mwanakamati wa kalamu mbili akakumbuka simu aliyotakiwa kupiga nje. Redio alizitoa leso mbili, akamrudishia mwenyewe, akagawa: shuka mbili na taulo moja huku, shuka mbili na taulo moja kule. Sabuni kipimo kilekile. Milango ikafungwa.

"Karibu!" ikasema mashine ya Shemeji, kwa sauti ya mwanamke wa tangazo.

Ya kijivu haikusema kitu. Ilimeza maji, ikaanza kuzungusha.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye kukamua. Ya kijivu iliongeza mwendo, ikavuma, ikasimama mahali pake. Ya Shemeji ilianza kutingishika. Shuka zilikuwa zimejiviringa donge moja, na lile donge likawa linapiga kuta za pipa kama mtu aliyefungiwa chooni. Mashine ikaruka, ikaacha ukuta, ikaja mbele hatua kwa hatua kuelekea kamati. Mahakimu wakainua miguu. Shemeji akaikumbatia, miwani ikamtoka. Kisha taa zote zikawaka pamoja, pipa likasimama, maji yamejaa, mlango umejifunga.

"Samahani," ikasema. "Tafadhali subiri."

Nyuma ya kile kioo cha dirisha la duka, shuka za mama zilielea katika maji yake ya kahawia, hadharani, kama maonyesho. Redio alitamani kuvua kanga kiunoni afunike kioo.

Shemeji alibonyeza. Akabonyeza tena. Akatoa simu, akailaumu simu. "Samahani," mashine ikasema. "Tafadhali subiri."

"Tatizo ni mzigo!" Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata upenyo. "Hizi ni shuka za mgonjwa. Mashine haikutengenezwa kwa... kwa hali hizo. Ni ya watu wa kawaida."

Redio alifungua mdomo, na jengo zima lingesikia mpaka lifti. Lakini kabla hajasema, mke wa Mwenyekiti, ambaye muda wote alikuwa ameegemea mlango mikono kifuani, alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kutazama watu wakihangaika. Akatoka. Akarudi na sinia la kina kifupi, tambara na sarafu.

Akapiga magoti mbele ya mashine nyeupe. Hakutafuta kitu. Kwa ile sarafu akabanua kidirisha kidogo chini kulia, akavuta kimpira chembamba kilichojificha humo, akakielekeza kwenye sinia, maji yakaanza kutoka.

"Samahani," mashine ikasema.

"Nyamaza na wewe," akaijibu, bila hasira, kama unavyomjibu mtu wa nyumbani. Akamgeukia kaka yake. "Lete beseni jingine, unashangaa nini?"

Maji yalipokwisha aliingiza vidole ndani ya kidirisha, akavuta kikamba, na mlango ukasema *ta*, ukafunguka.

Redio ndiye aliyeuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada, umejifunzia wapi haya?"

"Si ya kwetu nyumbani ndivyo ilivyo?" Mke wa Mwenyekiti alikuwa akipangusa sakafu, hakuinua uso. "Kila nikitia shuka, inanuna. Kaka nimempigia simu mpaka nimechoka. Ananiambia nitaizoea. Nimeizoea."

Watu wakamtazama Mwenyekiti. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Msimtazame huyo," mkewe akasema. "Hajui. Yeye anazikuta zimekunjwa."

Dada wa chingamu alicheka mpaka chingamu ikamtoka. Shemeji alikuwa ameanza kukunja waya wa mashine yake, kimyakimya.

Ya kijivu ilimaliza. Haikuimba. Redio akazitoa shuka, akaziminya, halikutoka hata tone.

Na hapo Mwenyekiti, mtu ambaye aibu humpitia kama basi lisilo na kituo kwake, alisimama, akarekebisha kola. "Kama kamati ilivyoona tangu mwanzo," alisema, "tunahitaji mashine rahisi, imara, ya kijivu..."

Redio alikuwa na hotuba nzima kooni. Lifti ilikuwemo, pampu ilikuwemo, taa za ngazi zilikuwemo. Lakini juu mama alikuwa amelalia shuka ya mwisho. Akazoa zile zilizokuwa zinachuruzika kutoka kwenye mashine nyeupe, nzito kama mtu aliyezimia, akamtupia Mwenyekiti mikononi katikati ya sentensi.

"Peleka kule zikamuliwe."

Mwenyekiti akamtazama mkewe.

"Peleka, baba," mkewe akasema. "Ni pale tu."

Jioni, shuka zilizokauka kwenye kamba zilipanda na Redio mpaka chumba cha nyuma.

"Imeshinda ipi?" mama aliuliza.

"Ya kijivu. Mwenyekiti amebeba shuka zako."

"Aliziba pua?"

"Angezibaje, mama? Mikono yote miwili ilikuwa imejaa."

Mama alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akalaani, akacheka tena. Redio akamgeuza ubavu taratibu. Kifungo bado kilikuwa kifungo. Akatandika.