Jeni Iliyonyamazishwa

"Fumba jicho moja, mama, halafu chungulia."

Mektilda aliinamia hadubini ya maabara. Tangu asubuhi alikuwa akikata zipu na lesi dukani kwake Kariakoo, na vidole vilikuwa bado vinamuuma. Ndani ya duara la mwanga aliona vitu vimebanana kama watu wa Mtaa wa Kongo siku ya kuamkia Idi.

"Hizo ni seli za saratani ya utumbo mpana," alisema Caroline, bintiye, mtafiti katika maabara hiyo. Akabadilisha kisahani. "Sasa tazama hizi."

Hizi zilikuwa chache, zimeachana.

"Mmezipiga sumu?"

"Hapana. Kuna jeni inayoziamuru zizaliane. Tumeinyamazisha tu, kwa hiyo zinakua polepole."

Mektilda hakuinua kichwa. Alikuwa akimwona Ansbert, mumewe, enzi zile wanauza vifungo kwenye meza moja barazani mwa duka la mzee Harilal. Jua likipanda, Ansbert alimsukumia mwavuli wote yeye, akabaki anaungua huku akipiga mluzi. Jumapili wakitoka kanisani walipita kununua mihogo ya kukaanga, wakala wakitembea, wakicheka ovyo. Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Akasema ni gesi. Akaendelea kusema ni gesi mpaka madaktari wakakosa la kufanya.

"Hii ingemfaa baba yako?"

"Sijui, mama. Bado ni mambo ya maabara, huenda ikachukua miaka mingi." Caroline akasita. "Lakini angewahi hospitali, upasuaji peke yake ungeweza kumsaidia."

Jokofu lilinguruma pembeni.

"Karo," Mektilda alisema, jicho bado kwenye kioo. "Na mimi naona damu chooni. Tangu Pasaka."

Caroline alivua glavu, akamkumbatia kwa nyuma.

"Mbona umenyamaza siku zote hizo?"

"Niliogopa utanitazama kama tulivyomtazama yeye."

Kesho yake duka halikufunguliwa. Kwenye benchi la hospitali, Mektilda alimsimulia bintiye jinsi Ansbert alivyomposa: alikanyaga vazi la mama mkwe wake mtarajiwa, akaanguka kifudifudi mbele ya wazee. Mama na binti walicheka mpaka watu wakageuka.

Nesi akaita jina lake.

Mektilda alivua hereni, akamwekea Caroline kiganjani, akaingia chumba cha vipimo. Mlango ulipofungwa, hereni zilikuwa bado na joto.